Kazi Waliyoifanya Kabla ya Kushika Silaha

Kikosi kidogo cha sanamu za njozi huanza kwa kazi, na silaha hufuata baadaye. Hiyo ndiyo imani niliyoijenga katika miaka ya kukata, kubandika na kupaka rangi vijitu vya urefu wa kidole, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa kirefu. Kabla ya kuamua kama mpiganaji fulani atabeba upanga au upinde, anayemuunda anapaswa kujua mtu huyo alikuwa akijipatia riziki kwa njia gani kabla vita havijamfikia. Upanga hautwambii lolote kuhusu aliyeushika, kwa kuwa sanamu zenye upanga zipo kwa maelfu na zote husimama kwa namna ileile, mguu mmoja mbele na mkono juu. Lakini mchimba makaburi ana mgongo wake, mfinyanzi ana mikono yake, na mtu aliyezoea kubeba mizigo kichwani husimama tofauti na mtu aliyezoea kuketi mbele ya daftari. Ukishaijua kazi, silaha hujitokeza yenyewe, na mara nyingi huwa ni chombo cha kazi kilichogeuzwa matumizi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Wachezaji wawili au zaidi hupanga sanamu zao juu ya meza iliyojengwa magofu, miti na vilima vidogo. Kila sanamu husogezwa kwa umbali unaopimwa kwa futi ya utepe, na dadu huamua nani amepiga na nani ameanguka. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, ambamo mizinga midogo ilirusha vipande halisi sakafuni. Mwaka 1971, Marekani, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya zama za kati zenye nyongeza iliyoruhusu wachawi na majoka kuingia mezani, na mwaka 1983 Warhammer ikatokea Uingereza na kuvuta wengi katika uundaji wa majeshi ya njozi. Katika michezo hiyo ya majeshi, askari mmoja ni sehemu ya safu. Akianguka, safu hupungua kwa mmoja na mchezo huendelea.

Kilichonivuta mimi ni tawi dogo la mchezo huu, lile la vikosi vya watu wachache. Mordheim, iliyotoka mwaka 1999, humpa mchezaji taji 500 za dhahabu za kubuniwa ili aajiri kikosi chake. Hawezi kuanza na watu chini ya watatu, na kikosi cha mamluki wa kibinadamu hakiwezi kuzidi watu kumi na watano. Frostgrave, ya mwaka 2015, hubana zaidi: mchawi mmoja, mwanagenzi wake mmoja, na askari wasiozidi wanane. Watu kumi tu. Katika watu kumi hakuna mahali pa kumficha askari asiye na maana. Kila mmoja atatazamwa na mpinzani kwa saa nzima kutoka upande wa pili wa meza, kila mmoja atatajwa kwa jina wakati dadu inaporushwa, na kila mmoja anaweza kufa na asirudi tena. Ufinyu huo ndio unaoulazimisha ubunifu kufanya kazi yake sawasawa.

Kikosi ninachokitumia kama mfano ni cha wavushaji. Katika ulimwengu niliouwazia palikuwa na mto mpana ulioitwa Hamali, na katika kivuko chake kikubwa palikuwa na pantoni ya mbao iliyovushwa kwa pondo, ile miti mirefu ya kusukumia chombo, na kwa kamba nene iliyonyooshwa kutoka ukingo hadi ukingo. Usiku mmoja mto uliondoka. Haukukauka kwa kiangazi, na haukupungua kidogo kidogo. Uliondoka pantoni ikiwa katikati, imejaa abiria, na alfajiri iliwakuta wote wamesimama juu ya tope. Tangu siku hiyo wavushaji wanautafuta mto wao. Wanajiita Watu wa Ngamani, kwa sababu walipogawana mabaki ya pantoni hakuna aliyekubali kuiacha ile sehemu ya ndani kabisa ambayo kila mmoja wao aliwahi kukumba maji yake. Bendera yao ni kipande cha turubai la pantoni, na juu yake nilitaka iandikwe methali ya mabaharia: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bendera yenye upana wa milimita ishirini haiwezi kubeba sentensi nzima ikasomeka, hivyo nimeandika maneno mawili tu, tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, moja kila upande wa kitambaa, na jina la kikosi linakamilisha lililobaki.

Maneno hayohayo mawili ndiyo majina ya viongozi. Nahodha Tezi ni mwanamke mzee anayebeba usukani wa pantoni, ule wote, pamoja na mpini wake mrefu, na anauegemea kama fimbo. Katika kanuni yeye ndiye mchawi, na uchawi wake ni wa aina moja: anaweza kuyaita maji yarudi kwa kitambo kifupi mahali ambapo mto ulipaswa kuwapo. Sikumpa moto, wala radi, wala macho yanayowaka. Orodha za uchawi katika michezo hii ni ndefu na zina vishawishi vingi, na naamini mchawi anayejua mambo manane yanayohusiana huogopesha zaidi kuliko anayejua mambo manane yasiyojuana. Ukungu, utelezi, mkondo unaomsukuma adui kando, pumzi inayokatika kana kwamba mtu amezama: yote haya ni maji, na mpinzani akishaielewa mantiki hiyo huanza kuwa na hofu na kila bonde lililopo mezani.

Omo ni mwanagenzi wake, na katika kikosi kizima ndiye sanamu ninayoipenda kuliko zote. Kazi yake kwenye pantoni ilikuwa kusimama mbele na kutupa bildi, ile timazi ya risasi iliyofungwa kwenye kamba yenye mafundo, ili kupima kina. Mtu anayefanya kazi hiyo huinama kidogo, hutazama chini wakati wengine wote wanatazama mbele, na mkono wake mmoja hushika kamba kwa ulegevu ili ahisi wakati timazi inapogusa mchanga. Nilitafuta mwili wa sanamu uliokuwa na mkao wa namna hiyo, na niliupata kwa mpiga kombeo, nikaondoa kombeo na kuweka uzi mwembamba wa shaba uliosokotwa, wenye chembe ya risasi ya kuvulia samaki mwishoni. Bildi ile sasa ni silaha yake. Anaizungusha na kuipiga, na baada ya kila pigo, katika mawazo yangu, huivuta kamba na kuhesabu mafundo, maana hajaacha kupima kina cha nchi kavu.

Wapiga pondo wawili hawahitaji maelezo marefu. Ni vijana wenye mabega mapana, na pondo zao hutumika kama mikuki. Mkalafati ana nyundo ya mbao, patasi butu na mfuko wa pamba iliyolowekwa mafuta, vitu ambavyo kwa muda mrefu viliziba nyufa za mbao na sasa huziba majeraha. Mzamiaji ana wavu na kisu kifupi. Mtoto aliyekuwa akikumba maji ana kata yake, na sikumpa silaha yoyote, ingawa kanuni zinamhesabu kuwa askari kama wengine. Wapo wanaodai kwamba kila sanamu lazima ionyeshe silaha iliyoorodheshwa kwenye karatasi yake, na katika mashindano hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa mpinzani ana haki ya kujua anakabiliana na nini. Katika michezo ya kirafiki, ambako unaweza kumwambia mwenzako mapema kwamba kata hiyo inahesabiwa kuwa rungu, naona mtoto mwenye kata anaeleza mengi kuliko mtoto mwenye kisu.

Zimwi ndiye aliyekuwa akivuta kamba. Mazimwi katika michezo ya njozi hujaa mafuvu, minyororo na meno, na mtu akipita kwenye rafu za sanamu hizo huona hasira moja tu iliyorudiwa mara nyingi. Wangu ana viganja vilivyochubuka. Nilijaza viganja vyake kwa puti ya epoksi, nikachora mikwaruzo mirefu ya kamba kwa ncha ya sindano, na begani nikamtwisha nanga ya pantoni iliyotengenezwa kwa waya mnene na kipande cha fremu ya plastiki. Shingoni ana pedi ya magunia mahali ambapo kamba ilikuwa ikikaa. Anapigana kwa nanga hiyo, na anapigana vibaya sana kwa mujibu wa kanuni, kwa sababu nilichagua namba za uwezo za mtu mwenye nguvu asiye na mafunzo.

Wamebaki wawili, na hao ndio wanaokibeba kisa chote. Mtoza nauli ana sanduku lililofungwa kwa mnyororo kiunoni na daftari lililoning'inia ubavuni. Ndani ya daftari kuna majina ya abiria wote waliolipa usiku ule, na ndani ya sanduku kuna nauli zao, ambazo hajazitumia kwa sababu safari haikukamilika. Abiria ni shujaa wa deraya, mtu wa vita wa kweli, mmoja pekee kikosini aliyezaliwa kwa ajili ya silaha. Yeye hakuwa mvushaji. Alilipa nauli, akabaki juu ya farasi wake katikati ya pantoni, na mto ukaondoka. Bado anangoja kuvushwa. Anapigana upande wa wavushaji kwa sababu wanadaiwa naye, na wao wanamtunza kwa sababu hawajamfikisha. Nilipolipata wazo hili kikosi kilibadilika machoni mwangu, kwa maana kabla yake watu hawa walikuwa wanatafuta mto tu, na baada yake wakawa na deni. Tamaa ya dhahabu, ambayo kanuni nyingi huichukulia kuwa sababu ya kila kikosi kuingia kwenye magofu, ikapata maelezo: kila hazina wanayoipata huandikwa kwenye daftari dhidi ya jina la abiria aliyepotea.

Sasa nije kwenye ufundi wa mikono, maana kisa kisichoonekana kwenye sanamu hakina faida mezani. Sanamu nyingi za njozi leo hutengenezwa kwa kipimo kinachoitwa milimita 28, ambacho kwa kawaida huchukuliwa kuwa urefu wa mtu mzima kutoka nyayo hadi machoni, kwa uwiano wa takriban moja kwa sitini. Uwiano huo una faida ya kivitendo. Ukijua kwamba milimita moja ni karibu sentimita sita, waya wa shaba wenye unene wa milimita moja huwa pondo la unene unaokubalika, na ukiukata kwa urefu wa milimita hamsini unapata pondo la mita tatu. Pondo la urefu huo lina matatizo yake wakati wa kucheza: likielekezwa mbele huzuia sanamu kugusana na adui, na likielekezwa pembeni hunasa kwenye mandhari. Suluhisho ni kulisimamisha wima au kulilaza nyuma ya bega, na bahati nzuri ndivyo mpiga pondo anavyolibeba anapotembea nchi kavu.

Plastiki ngumu ndiyo malighafi rafiki zaidi kwa anayetaka kubadilisha sanamu. Gundi yake huyeyusha kidogo nyuso mbili zinazokutana na kuziunganisha zikawa kitu kimoja, kwa hiyo kichwa cha sanamu moja hukaa juu ya mwili wa nyingine bila hofu ya kung'oka. Gundi hiyo haifanyi kazi kwenye chuma wala resini, ambako gundi ya supa inahitajika, na kwa viungo vizito ni lazima kutoboa kwa keekee ndogo ya mkono na kupitisha kipande cha waya kati ya sehemu mbili. Nanga ya zimwi imeshikiliwa kwa waya wa namna hiyo unaopita begani hadi kifuani. Resini huoshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Anayelisugua avae barakoa na atumie msasa uliolowa. Wanaochapa sanamu zao kwa printa za resini wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa resini ambayo haijakauka kwa mwanga huwasha ngozi, na glavu si jambo la hiari.

Puti ya epoksi ninayoitumia huja kwa vipande viwili, bluu na njano, ambavyo hukandwa pamoja hadi vikawa kijani kimoja kisicho na michirizi. Kwa karibu saa moja hukubali kuchongwa, kisha hukaza, na kesho yake huwa imekomaa. Vidole na vifaa viwe na unyevu muda wote, la sivyo itang'ang'ania kwenye chuma cha kuchongea badala ya kubaki kwenye sanamu. Vitu vingi vinavyoeleza kazi ya mtu ni vyepesi kuchonga kwa puti hii hata kwa asiye mchongaji: mfuko, kamba iliyoviringishwa, kitambaa kilichofungwa kichwani, pedi ya bega, mkoba wa daftari. Nyuso za wanadamu ni ngumu na sijishughulishi nazo. Ni afadhali kutumia kichwa kilichokwisha kuchongwa vizuri na kuelekeza nguvu kwenye kile ambacho mtu amebeba.

Kabla ya rangi, jambo moja halina mjadala: mistari ya kalibu iondolewe yote. Ni ukuta mwembamba unaobaki mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, na hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu. Ukiuacha, rangi ya kuosha, ile nyepesi inayotiririkia kwenye mikunjo, itaujaza na kuuonyesha kwa kila mtu.

Kikosi kilichokusanywa kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, kwa miili isiyofanana, kinahitaji kitu cha kukifunga pamoja. Wengi huchagua rangi moja ya sare. Wavushaji hawana sare, na kuwavika wote joho la bluu kungeua kila nilichokuwa nimekijenga. Badala yake nilitumia alama ya maji. Niliwasimamisha wote mezani, nikaweka penseli juu ya kipande cha mbao kwenye kimo cha milimita kumi na mbili, nikaizungusha kumzunguka kila mmoja hadi mstari ukafunga mduara. Huo ndio mstari ambao Hamali ulifikia usiku ulipoondoka, wavushaji walipokuwa wameshuka kuisukuma pantoni iliyokwama, na katika ulimwengu wangu doa hilo halitoki hata nguo ikifuliwa au kubadilishwa. Kwa mtu mzima mstari unapita mapajani. Kwa zimwi unapita magotini. Kwa mtoto wa kata unapita tumboni. Abiria, aliyekuwa juu ya farasi, hana mstari kabisa, na farasi hayupo tena.

Kulipaka doa lenyewe kunahitaji subira zaidi ya ustadi. Juu ya rangi ya msingi ya nguo huenda tabaka jembamba sana la kahawia iliyochanganywa na kijani kidogo, lililozimuliwa kwa maji hadi likawa kama chai, na huishia kwenye mstari wa penseli. Likikauka, huongezwa jingine, na safari hii huishia chini kidogo, ili giza liongezeke kuelekea miguuni. Kisha ukingo wa juu huguswa kwa kipande cha sifongo chenye rangi ya mfupa, mahali hapa na pale bila kufuatana, kwa kuwa chumvi na matope yaliyokauka huacha utepe uliokatika. Brashi kavu yenye rangi ya vumbi hupitishwa mwishoni kwenye mikunjo ya chini. Juu ya mstari huo nilijiruhusu rangi za kila namna: zafarani iliyofifia, nyekundu ya matofali, kijani cha chupa. Chini ya mstari wote ni ndugu. Mtu anayekitazama kikosi kutoka mbali hatambui mara moja kwa nini watu hawa kumi wasiofanana wanaonekana kuwa pamoja, ila anaona kwamba wako pamoja.

Vitako, vile vibao ambavyo sanamu husimama juu yake, ni tope lililopasuka. Gundi nyeupe ya mbao ikipakwa nene, ikaachwa ianze kushika, kisha ikafunikwa kwa rangi ya akriliki kabla haijakauka, rangi hupasuka yenyewe kwa nyufa zinazofanana sana na mto uliokufa. Kwenye kitako cha nahodha peke yake nimemimina vanishi ya kung'aa ndani ya nyufa, kwa sababu maji humfuata yeye. Wengine wamepakwa vanishi isiyong'aa, ambayo pia huilinda rangi dhidi ya vidole wakati wa mchezo.

Uchaguzi wa kanuni nao ni sehemu ya uundaji, na nadhani hauzungumzwi vya kutosha. Dadu hubeba falsafa yake. Katika Frostgrave wapiganaji wawili wanaokutana hurusha kila mmoja dadu ya pande ishirini na kuongeza uwezo wake wa kupigana, na aliyepata jumla kubwa hushinda. Ukipiga hesabu, mtu aliyezidiwa uwezo kwa pointi mbili bado ana nafasi ya takriban asilimia 38 ya kushinda waziwazi. Kwa mchezaji anayependa ustadi wa askari uheshimiwe, hilo ni kero. Kwa kikosi cha watu ambao hawakuwa askari ni haki tupu: mtoza nauli anaweza kumwangusha shujaa wa deraya, na akifanya hivyo meza nzima hushtuka. Mordheim hutumia dadu za pande sita, ambamo nyongeza ya moja tu hubadilisha uwezekano kwa karibu asilimia 17, kwa hiyo mafunzo na silaha bora huonekana haraka zaidi, na tofauti kati ya bingwa na mkulima hubaki wazi.

Tofauti kubwa zaidi iko baada ya pambano. Katika Mordheim askari wa kawaida aliyeangushwa hurushiwa dadu moja, na akipata moja au mbili amekufa. Yaani theluthi moja ya wanaoanguka hawarudi. Katika Frostgrave askari aliyeishiwa afya hurushiwa dadu ya pande ishirini, na hufa kwa namba moja hadi nne, yaani mmoja kati ya watano. Mashujaa wa Mordheim wana jedwali refu la majeraha: mguu unaolegea, jicho linalopofuka, mkono unaokatwa, na mara nyingine uadui wa kudumu na aliyekujeruhi. Mimi huwapeleka wavushaji wangu Frostgrave, kwa sababu kikosi chenye deni kinahitaji kuishi muda wa kutosha kulilipa, lakini nimelichukua jedwali la majeraha la mchezo mwingine kama mwongozo wa ufundi. Mmoja wa wapiga pondo alipojeruhiwa vibaya, nilimrudisha kwenye meza ya kazi, nikalikata pondo lake na kuliacha nusu, na nikamfunga kitambaa cha puti kwenye paja. Mkalafati akapunguziwa pamba mfukoni. Mabadiliko madogo ya namna hiyo yana thamani kuliko kurasa za historia zilizoandikwa kabla ya pambano la kwanza.

Kuhusu historia hizo nina msimamo. Mwanzoni mtu huvutiwa kuandika kila kitu: nasaba za wafalme, kalenda, ramani, vita vya miaka elfu iliyopita. Mengi ya hayo hayafiki mezani kamwe, na mabaya zaidi ni kwamba huifunga midomo ya dadu. Kama umeshaamua kwamba Omo ataurithi usukani, siku atakapouawa na panya mkubwa kwenye ghala la magofu utahisi kwamba mchezo umekosea, ilhali mchezo umekupa kisa ambacho usingeweza kukitunga. Mimi huandika sentensi moja kwa kila mtu kuhusu kazi yake, na swali moja ambalo silijibu. Swali la mtoza nauli ni kama kuna jina moja ndani ya daftari ambalo yeye mwenyewe alilifuta. Swali la zimwi ni nani aliyekata kamba. Mapambano hujibu yale yanayotaka kujibiwa, na mengine hubaki wazi, na mpinzani mwenye moyo mzuri wakati mwingine hupendekeza jibu bora kuliko langu.

Kwa kuwa mpinzani pia ni sehemu ya kisa, kikosi ninachokijenga sasa ni cha wale walioupeleka mto kwingine. Ilikuwa rahisi kuwafanya pepo au mizuka, na sanamu za namna hiyo zinapatikana kwa wingi. Nimewapa kazi badala yake: ni wachimba mifereji. Kiongozi wao ni mpimaji mwenye kamba ya fundo na kipimo cha maji mkononi, mwanagenzi wake hubeba vigingi, na askari wao wana sururu, majembe na mitambara ya kujikinga na vumbi. Wanaamini kwamba waliipelekea maji nchi iliyokuwa ikifa kwa kiu, na hawajui kwamba katikati ya Hamali palikuwa na pantoni. Hawatakuwa na alama ya maji kwenye nguo. Vumbi litawafunika kutoka juu kwenda chini, mabegani na vichwani zaidi kuliko miguuni, kinyume kabisa na wavushaji, na buti zao peke yake ndizo zitakazolowa. Miili sita tayari imebandikwa. Ya mpimaji inasubiri mkono wa kushoto, kwa sababu bado sijapata mkono ulioshika kitu kwa uangalifu. Mikono yote niliyonayo imekunja ngumi.